Azuma vidonge vitatu, amoksilini wiki nzima: kuna tofauti gani hasa, au tunapigwa?

#1 Mtani wa Nkuhungu
Mbukwenyi wakuu.

Wajuvi wa dawa nisaidieni, maana huku mtaani kila mtu ana lake. Binti yangu alivimba mafindofindo, kituo cha afya wakamwandikia amoksilini kutwa mara tatu. Jirani yangu naye koo hilo hilo, kaenda zake dukani, kapewa Azuma vidonge vitatu, siku tatu kwisha habari. Tumbo likivuruga ni Flagyl. Mkojo ukiunguza ni sipro. Ukiwa na hela na haraka zako unachomwa sindano.

Nikamuuliza muuza duka, akanijibu "Azuma ina nguvu". Nguvu kivipi? Kama ina nguvu, kwa nini mtoto asipewe hiyo hiyo? Msimamo wangu: hizi antibayotiki zote ni kitu kimoja, zinapishana bei na rangi ya boksi. Anayebisha aje na maelezo, asije na matusi.

#2 Kiti cha Mbele
Nimeshakaa. Waje.

#3 Bajaji ya Sabasaba
Mkuu, kama zote ni kitu kimoja, siku ukibanwa na kifua meza Flagyl halafu utuletee mrejesho. Kama bado upo.

#4 Zamu ya Usiku
Mleta mada, nauza na kupanga dawa kila siku, ngoja nijaribu.

Kwanza hilo la siku tatu. Amoksilini inatoka mwilini haraka mno. Ndani ya saa moja hivi nusu yake imeshachujwa na figo, ndiyo maana unameza asubuhi, mchana na usiku. Azithromaisini (hiyo Azuma) haikai sana kwenye damu, inazama ndani ya seli na nyama za mwili, na nusu yake huchukua takriban saa 68 kuondoka. Kwa hiyo jirani yako alimeza siku tatu lakini dawa imefanya kazi karibu wiki nzima. Dozi ni ile ile ndefu, imefichwa tu.

Pili, zinavyoua. Bakteria ana ukuta nje ya seli yake, wewe huna. Kila anapogawanyika lazima ajenge ukuta mpya. Penisilini na ukoo wake (amoksilini, ampisilini, kloksasilini, pamoja na sefalosporini kama seftriaksoni) zinamfunga mikono fundi asiunganishe matofali. Maji yanaingia, bakteria anapasuka. Ndiyo maana penisilini kwa binadamu ni dawa ya upole isipokuwa una aleji nayo.

Azithromaisini, erithromaisini, doksisaiklini na jentamaisini hazina habari na ukuta. Zinaingia ndani na kukaa kwenye ribosomu, pale protini zinapotengenezwa. Sipro inavuruga vimeng'enya vinavyonyoosha DNA wakati wa kugawanyika. Septrin inakata utengenezaji wa foleti, aina ya vitamini. Sisi foleti tunakula kwenye mboga, bakteria wengi lazima wajitengenezee. Flagyl nitaiachia mwingine, mteja kaingia.

#5 Kiti cha Mbele
Hapo kwenye mlenda wetu tuna foleti ya kutosha, Septrin haituwezi.

#6 Sista wa Makole
Zamu ya Usiku kaeleza vizuri suala la muda, ila hajagusa "nguvu", na hilo ndilo linalowachanganya watu.

Azithromaisini kwa kawaida haiui bakteria papo hapo, inamsimamisha asizaliane, kinga yako inamalizia. Amoksilini inaua. Sasa ipi ina nguvu? Inategemea unapigana na nani. Koo linalosababishwa na streptokokasi kundi A, yule anayeweza kuleta homa ya baridi yabisi na kuharibu vali za moyo wa mtoto, hajawahi kuthibitika akiishinda penisilini tangu dawa hiyo ianze kutumika. Miaka zaidi ya 80! Lakini kwa makrolaidi kama Azuma, usugu wake unajulikana sehemu nyingi duniani. Yaani kwa koo la mtoto, ile "dhaifu" ya bei nafuu ndiyo chaguo la kwanza, na hupewa siku 10. Azithromaisini hubaki kwa mwenye aleji ya penisilini.

Mleta mada, mtoto kaandikiwa siku ngapi?

#7 Mtani wa Nkuhungu
Sista, kwenye bahasha wameandika 1x3 basi. Siku hawakuandika, nimehesabu vidonge vinafika wiki.

#8 Daktari Mlevi wa Kahawa
Naomba niwavuruge kidogo wote wawili. Makoo mengi, hasa ya watu wazima wenye mafua na kikohozi, ni virusi. Antibayotiki yoyote haimgusi kirusi: hana ukuta wa kubomoa wala ribosomu yake mwenyewe. Jirani alimeza siku tatu akapona siku ya nne kwa sababu koo la virusi huisha lenyewe siku kama hizo. Angekunywa maji ya moto na chumvi angesema chumvi ina nguvu.

Kwa hiyo kulinganisha binti na jirani ni kulinganisha wagonjwa wawili ambao hakuna aliyepimwa.

#9 Bajaji ya Sabasaba
Duh. Kwa hiyo Azuma imepewa sifa za bure?

#10 Sista wa Makole
Siyo bure kabisa mkuu. Kuna magonjwa ambayo hiyo ndiyo yenyewe. Waulize watu wa Kongwa.

#11 Mnyakongo Original
Nimesikia Kongwa imetajwa, nimeitika.

Sisi tuliokulia huko tunazijua hizo dawa kabla maduka ya mjini hayajazijua. Vikope. Trakoma. Bibi zetu kope zimegeuka ndani zinakwaruza jicho mpaka linaingia ukungu, wengine wamepofuka kabisa. Walikuja watu wa mradi, tukapangwa mstari shuleni, unasimamishwa kwenye fimbo yenye alama, urefu wako ndio unaosema umeze vidonge vingapi. Mara moja, basi, mpaka mwaka unaofuata. Vichanga walipakwa mafuta ya tetrasaiklini machoni.

Kongwa inatajwa kwenye vitabu vya madaktari wa macho dunia nzima kwa tafiti za vikope. Ule utafiti wa miaka ya 1990 ulioangalia kama kunawisha watoto uso kunapunguza ugonjwa ulifanyika kwetu. Maji yenyewe ya kunawa ndiyo ilikuwa shughuli.

#12 Zamu ya Usiku
Nimerudi. Asante Mnyakongo, umenipa mfano bora kuliko wangu. Bakteria wa vikope ni klamidia, na klamidia anaishi NDANI ya seli zetu. Amoksilini haizami sana humo. Azithromaisini inazama na kukaa, ndiyo maana dozi moja inatosha. Klamidia wa ukeni na kwenye njia ya mkojo ni ndugu yake, hutibiwa kwa doksisaiklini siku 7 au azithromaisini gramu moja kwa mpigo.

Kwa hiyo swali siyo "ipi ina nguvu". Uliza bakteria ni nani, yuko wapi, na dawa inafika?

#13 Mwanasheria wa Area D
Hapa mimi ndipo ninapokwama. Serikali hiyo hiyo inayosema usinunue antibayotiki bila cheti, ilitoa azithromaisini kwa kijiji kizima bila kumpima hata mtu mmoja. Mnyakongo alikuwa mgonjwa? Hajui. Kwa nini yeye amezeshwa na mimi nikatazwe?

#14 Daktari Mlevi wa Kahawa
Swali zuri na halina jibu safi. Vikope vinahama kutoka uso wa mtoto mmoja kwenda mwingine kwa mikono, vitambaa na nzi. Ukimtibu mmoja, kesho kaambukizwa tena na kaka yake. Ndiyo maana unawapa wote kwa pamoja.

Ila kuna kubwa zaidi. Upo utafiti uliitwa MORDOR, ulichapishwa 2018, ulifanyika Niger, Malawi na Tanzania. Upande wetu ilikuwa Kilosa, hapo jirani ukitoka Kongwa. Watoto wa chini ya miaka 5 walipewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka kwa miaka miwili. Ukijumlisha nchi zote tatu vifo vilipungua kwa takriban asilimia 14. Sehemu kubwa ya faida ilitoka Niger, ambako watoto wanakufa zaidi. Kwetu tofauti ilikuwa ndogo mno kuitenga na bahati. Na Niger huko huko walipopima baadaye, bakteria sugu kwa makrolaidi walikuwa wameongezeka. Sasa amua wewe: unaokoa watoto leo au unatunza dawa ya kesho? Mimi binafsi ningetoa pale vifo viko juu sana, kwingine ningeacha.

#15 Mwanasheria wa Area D
Hujajibu, umenipa kesi nyingine. Lakini naichukua.

#16 Mama Watatu Ipagala
Wataalamu, naomba tuongelee UTI sugu maana ndiyo inayotumaliza wanawake. Nimemeza sipro mpaka najua ladha yake. Napona, mwezi unaofuata imerudi. Dukani wananiongezea "ya nguvu zaidi".

#17 Sista wa Makole
Pole dada. Umewahi kuoteshwa mkojo? Siyo kile kipimo cha kijiti wala cha kuangalia kwa darubini tu. Kuotesha ni mkojo unawekwa maabara, bakteria anakua, halafu anawekewa dawa mbalimbali waone ipi inamuua. Majibu huchukua siku mbili tatu. Mara nyingi ni E. koli, na sipro imetumika hovyo kiasi kwamba wengi wameizoea.

Kuna dawa ya zamani, nitrofurantoini. Hiyo inajikusanya kwenye mkojo tu, kwingine mwilini haifikii kiwango cha maana, kwa hiyo kwa kibofu ni nzuri na kwa kifua haina kazi kabisa. Usishtuke mkojo ukiwa wa kahawia. Ila kama una homa na maumivu ya mgongoni, figo zimeguswa, hiyo haitoshi, nenda hospitali.

Na wengine wanaoambiwa UTI sugu wana klamidia, fangasi, au hawana kitu.

#18 Mkimbiaji wa Mlimwa
Naongezea kuhusu sipro. Kocha wetu alitumia, kano ya kisigino ikaanza kuvimba akidhani ni mazoezi. Daktari akamwambia aache dawa na apumzike. Nilikuwa sijui kama dawa ya mkojo inaweza kugusa kisigino.

#19 Zamu ya Usiku
Ni kweli, kundi lote la kwinoloni lina tahadhari hiyo, zaidi kwa wazee na wanaotumia dawa za steroidi. Halafu msizimeze na maziwa. Kalisi inashikana nayo na dawa haiingii mwilini. Doksisaiklini vivyo hivyo, hasa na dawa za vidonda vya tumbo na vidonge vya kuongeza damu. Na doksi usimeze ukalala hapo hapo, inachoma koo la chakula. Maji glasi nzima, kaa wima. Jua la Dodoma nalo linaunguza ngozi vibaya ukiwa unaitumia.

#20 Dompo Mbili
Tukiwa hapo hapo: nimemaliza Flagyl juzi, Jumamosi kuna sherehe. Mvinyo ruksa? Hapa ni Dodoma, zabibu zimetuzunguka.

#21 Kiti cha Mbele
Huyu ndiye aliyekuwa anasubiriwa 😂

#22 Daktari Mlevi wa Kahawa
Maelekezo ya kawaida ni usinywe ukiwa kwenye dozi na usubiri siku mbili baada ya kumaliza, maana kuna watu walipata moyo kwenda mbio, uso kuwaka na kutapika. Lakini Wafini walifanya jaribio, likachapishwa 2002: wanaume wachache wenye afya njema walipewa Flagyl na pombe, hawakuona hiyo kemikali inayosingiziwa kuleta hayo ikipanda kwenye damu. Kwa hiyo wenyewe wanabishana. Jumamosi siku mbili zimeshapita, sina neno.

#23 Bajaji ya Sabasaba
Mimi naomba kusahihishwa, Flagyl ni antibayotiki kweli? Najua ni ya amiba.

#24 Zamu ya Usiku
Ni vyote viwili. Ilianza kama dawa ya trikomonasi, kijidudu cha ukeni. Mwaka 1962 London mgonjwa mmoja aliyekuwa akitibiwa huo akapona na fizi zilizokuwa zinaoza. Hapo ndipo ikagundulika inaua pia bakteria wasiopenda hewa. Dawa ikiingia sehemu isiyo na oksijeni inageuzwa kuwa sumu inayokatakata DNA. Penye oksijeni haigeuki. Ndiyo maana inafaa kwa majipu ya tumboni, jino lililooza, amiba, giardia, na kifuani peke yake haifui dafu. Bajaji, utani wako wa #3 ulikuwa sahihi kisayansi.

Jentamaisini ni kinyume chake, yenyewe inahitaji oksijeni ili iingizwe ndani ya bakteria. Kwenye jipu lenye usaha haifanyi kitu. Kwa kichanga mwenye maambukizi ya damu huchanganywa na ampisilini: moja inabomoa ukuta, nyingine inapita. Lakini ina sumu kwa figo na masikio, siyo ya kuchomwa uchochoroni.

#25 Fundi Seremala Chang'ombe
Mbona hamsemi la kupasua kidonge cha rangi mbili na kumwagia unga kwenye kidonda? Sisi mafundi ndiyo matibabu yetu na tunapona.

#26 Sista wa Makole
Kaka yangu, kidonda kidogo ukikiosha kwa maji safi na sabuni kinapona na hata bila huo unga. Unga unaganda, unaficha usaha chini, na unaweza kukuletea aleji. Chanjo ya pepopunda umechoma lini? Hiyo ndiyo ya kuuliza kwa mtu wa misumari.

#27 Mtani wa Nkuhungu
Nasoma yote. Naona mmekubaliana kwamba siyo kitu kimoja, sawa. Lakini bado: nimalize dozi ya mtoto au akipona niache? Maana siku ya tatu tu ameanza kuruka kamba.

#28 Mwalimu Mstaafu Kikuyu
Unamaliza! Tumefundishwa hivyo tangu enzi. Ukiacha njiani unawaacha wale wagumu wazaliane. Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini 1928, alionya kwenye hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 juu ya watu kutumia dozi pungufu.

#29 Daktari Mlevi wa Kahawa
Shikamoo mwalimu. Fleming alisema hivyo kweli, lakini siku hizi hoja hiyo inapingwa. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha makala ya wataalamu wa Uingereza wakisema ushahidi wa "usipomaliza unazalisha usugu" ni hafifu. Kinachozalisha usugu zaidi ni kuwaanika bakteria wema wa tumboni na kwenye ngozi kwa dawa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Utafiti wa CAP-IT wa Uingereza na Ireland, 2021, ulionyesha watoto wenye nimonia isiyo kali waliopewa amoksilini siku 3 hawakufanya vibaya kuliko wa siku 7.

#30 Mwalimu Mstaafu Kikuyu
Marahaba. Na kifua kikuu je? Mbona miezi sita? Mdogo wangu aliacha mwezi wa pili alipoona amenenepa, ugonjwa ukamrudia vibaya. Mwambie huyo wa BMJ aje azungumze na mama yetu.

#31 Daktari Mlevi wa Kahawa
Kwa TB nakubaliana na wewe asilimia zote. Wale wanakua taratibu mno, wengine wanalala usingizi, na dawa nyingi zinaua anayegawanyika. Miezi miwili dawa nne, minne iliyobaki mbili, hakuna mjadala. Na koo la streptokokasi ni siku 10 kwa ajili ya moyo. Ninachopinga ni kanuni moja kwa kila ugonjwa.

#32 Sista wa Makole
Ndiyo tatizo lenyewe Daktari. Ukimwambia mtu wa mtaani "inategemea", keshaacha vidonge nusu kwenye droo ili ampe mtoto mwingine mwezi ujao. Mimi wodini nitaendelea kusema maliza, aliyeandika ndiye abadilishe. Mtani, mrudishe binti akaandikiwe siku.

#33 Mchungaji wa Bahi
Habari zenu. Mimi mfugaji. Nilizungushwa na homa za jioni, jasho usiku, viungo na kiuno vinauma. Kila nikienda ni taifodi, natoka na sipro, natoka na sindano za seftriaksoni. Mwisho kijana mmoja wa maabara akaniuliza kama nakunywa maziwa mabichi. Nikacheka, maziwa yapikwe kwani chai? Ikawa bruselosi, ule wa ng'ombe kutupa mimba. Nikapewa doksi na rifampisini wiki sita. Mkojo ukawa rangi ya machungwa, lakini nikainuka.

#34 Zamu ya Usiku
Mzee hongera kwa kupona. Brusela naye ni wa kujificha ndani ya seli, ndiyo maana dawa mbili na muda mrefu. Na hicho kipimo cha Widal cha taifodi kinaangalia kingamwili. Aliyeugua zamani anaweza kutoka chanya leo akiwa na ugonjwa mwingine kabisa. Ukanda huu wa wafugaji nashangaa maziwa mabichi hayaulizwi kwanza.

#35 Mwanasheria wa Area D
Na hao ng'ombe mnawachoma nini? Nyama ya mnada wa Msalato naipenda, nijue nakula nini.

#36 Mchungaji wa Bahi
Oksitetrasaiklini, mkuu. Akikohoa tunachoma, akichechemea tunachoma. Maziwa tunaambiwa tusiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Wapo wanaofuata.

#37 Kuku wa Ihumwa
Hapo mmenigusa. Mimi vifaranga nawawekea unga wa OTC (hiyo hiyo oksitetrasaiklini) kwenye maji kila wiki kama kinga, hasa msimu wa kideri. Kuna ubaya? Na wanakufa bado.

#38 Bwana Mifugo Mstaafu
Ubaya upo. Kideri ni kirusi, umesoma #8. Unawanywesha antibayotiki kwa ugonjwa usiosikia, huku bakteria wa matumboni mwao wanaizoea na mayai unauza. Kinga ya kideri ni chanjo. Ipo ile ya kudondosha tone moja jichoni, inavumilia joto kuliko zile za zamani, unarudia kila baada ya miezi mitatu minne.

#39 Kuku wa Ihumwa
Asante mzee. Nina kuku thelathini tu na chupa moja nasikia inatosha kuku wengi sana. Inayobaki naweza kuiweka kwenye friji nitumie mwezi ujao?

#40 Bwana Mifugo Mstaafu
Ukishaifungua usipange kuiweka mwezi mzima. Kusanya majirani zako wa Ihumwa mchange, mchanje kuku wote siku moja asubuhi. Mko wangapi huko wenye kuku?

#41 Kuku wa Ihumwa
Kama nane hivi, ila wawili hatusalimiani.